Almasi 99,999 za bure: namna ya kumlinda mtoto na matapeli wa zawadi za gemu

Mama Aisha alinijia mezani Jumapili jioni, simu mkononi, salamu ameimeza. Facebook yake imeingiliwa. Jina ni lake, picha ni yake, ila anayeandika si yeye. Wifi yake wa Morogoro ameshatuma shilingi 50,000 kwa "Mama Aisha aliyekwama hospitali", na shemeji yake alikuwa njiani kwenda kwa wakala. Alikuwa ameshamshuku kila mtu: mume, dada wa kazi, hata mimi niliyembadilishia kioo mwezi uliopita. Aliyehusika alikuwa amesimama nyuma yake, kashika ncha ya kanga, ana miaka kumi.

Nikamwomba mama anitafutie chenji duka la pili. Kabla hajarudi mtoto alikuwa ameshanimwagia yote. Aliona video ya kijana anayeonyesha almasi 99,999 kwenye Free Fire, chini yake linki. Akabonyeza, akaandika jina lake la kwenye gemu, ukurasa ukamwambia "ingia kwa Facebook upokee zawadi". Neno la siri la mama analijua, kama ninavyolijua mimi na mtaa mzima: aisha2012. Akaliandika. Almasi hazikuja. Akanyamaza siku tatu kwa sababu alijua kitakachomfika.

Nina meza ya ufundi simu na uwakala hapa Mbagala, na shule zikifungwa kesi za namna hii hazikauki. Ninayoandika hapa ni kwa mzazi ambaye simu yake ndiyo hiyo hiyo simu ya mtoto, maana hao ndio wengi wanaokuja kwangu. Mwenye mtoto aliyenunuliwa simu yake ataokota ya kumfaa.

Kabla ya hatua: almasi zinatoka wapi

Free Fire ni gemu ya kampuni ya Garena ya Singapore, ilitoka 2017, na imesambaa huku kwa sababu inakubali hata kwenye simu ya bei ya chini. Pesa yake ya ndani ni almasi. Roblox ina Robux, PUBG Mobile ina UC, Fortnite ina V-Bucks, eFootball ina sarafu zake. Kwa pesa hizo mtoto ananunua nguo za mchezaji wake, rangi za bunduki, mitindo ya kucheza. Wewe unaona upuuzi. Kwake ni sawa na kwenda shule na raba mpya wakati wenzako wote wanazo.

Jambo la kushika ni hili: almasi hazimo ndani ya simu. Ni namba iliyoandikwa kwenye kompyuta za kampuni, kama salio lako la M-Pesa lilivyo kwenye kompyuta za mtandao wa simu na si kwenye laini. Mtu wa nje hawezi kukuandikia almasi, kama ambavyo hawezi kukuandikia salio. Roblox wenyewe wametamka kwenye kurasa zao za msaada kwamba mtambo wa kutengeneza Robux haupo. Kila tovuti inayojiita hivyo ni ya uongo.

Sasa mpe mtoto hesabu. Almasi 100 huuzwa karibu dola 1 ya Marekani. Almasi 99,999 basi ni karibu dola 1,000, zaidi ya shilingi milioni mbili za kwetu. Mwulize: nani humgawia asiyemjua milioni mbili kwa sababu tu amejaza jina? Mtoto wa darasa la nne hesabu hii inamwingia upesi. Ukimwambia "mtandaoni kuna watu wabaya", ataitikia kwa kichwa na kuendelea.

Na tapeli anapata nini? Kuna mitego ya aina kadhaa, na kila mmoja una riziki yake.

Wa kwanza ni ule ukurasa unaozungusha duara, "inaunganisha seva", asilimia 40, 80, 97, halafu unakwama: thibitisha kwamba wewe si roboti. Kuthibitisha ni kupakua programu mbili, kujibu maswali, au kuandika namba ya simu. Kwa kila programu inayopakuliwa tapeli analipwa kamisheni ya matangazo. Namba ya simu inaweza kuungwa kwenye huduma ya ujumbe wa kulipia, ukashangaa vocha inayeyuka kila asubuhi. Mtoto anaambiwa "imeshindikana, jaribu tena". Naye anajaribu tena, na kamisheni inaingia tena.

Wa pili ndio uliompata mtoto wa Mama Aisha: ukurasa unaofanana na Facebook au Google, kazi yake kupokea neno la siri tu.

Wa tatu ni muuzaji wa almasi za bei ya kutupa kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram. Tuma 3,000 kwenye namba hii, utume na ID yako, yaani namba yako ya utambulisho kwenye gemu. Ukishatuma unazuiwa. Sisi tuliokua na ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" tunamfahamu huyu bwana, kabadilisha kanzu tu. Wakati mwingine almasi huja kweli, na hapo ndipo panapouma zaidi, kwa sababu zimenunuliwa kwa kadi ya benki iliyoibwa. Mwenye kadi akilalamika, malipo yanarudishwa, almasi zinaondolewa na akaunti ya mtoto inaweza kufungiwa.

Hatua ya 1: Kaa naye acheze, wewe uliza

Nusu saa inatosha. Usikae kama askari. Mwambie akuonyeshe mchezaji wake, akueleze kile anachokitamani kinauzwa almasi ngapi, na nani darasani anacho. Mwulize pia wanaopata almasi huwa wanazipata vipi. Hapo utasikia mambo: kuna kaka wa kwenye kibanda cha gemu anayeuza, kuna kundi la WhatsApp ambalo rafiki yake amewekwa kwa simu ya dada yake, kuna chaneli ya video inayotoa "kodi" kila Ijumaa. Hiyo kodi si ya nyumba. Ni herufi na tarakimu unazoandika upate zawadi, na kodi za kweli zipo, nitazifikia.

Usimkaripie kwa lolote atakalokwambia siku hiyo. Unachokusanya ni ramani.

Hatua ya 2: Badilisha namba ya siri ya pesa leo hii

Wengi hawapendi kulisikia hili. Ukimtuma mtoto kwa wakala na simu yako, "katoe elfu kumi, namba ya siri ni mwaka wako wa kuzaliwa", umeshampa ufunguo wa nyumba. Mimi kama wakala nawapokea watoto wa namna hii kila siku. Wengine wananitajia namba ya siri kwa sauti foleni nzima ikisikiliza. Siku tapeli atakapomwambia "lipa 2,000 ya usajili, almasi zinakuja", mtoto hatahitaji msaada wa mtu.

Badilisha namba ya siri kupitia menyu ya mtandao wako. Isiwe mwaka wa mtu yeyote wa nyumbani. Ukihitaji kutoa pesa, nenda mwenyewe au mtume mtu mzima. Ukiwa huna budi kumtuma mtoto, mpigie wakala unayemwamini mpatane, kisha ufanye muamala ukiwa nyumbani, mtoto aende kuchukua fedha tu.

Neno la siri la Facebook na la Google nalo libadilishwe. Jina la mtoto na mwaka aliozaliwa si siri.

Hatua ya 3: Play Store iulize kabla ya kununua

Fungua Play Store, gusa picha ya akaunti juu kulia, ingia Mipangilio, tafuta sehemu ya uthibitishaji wa ununuzi, uchague iulize kila mara. Maneno hubadilika kutoka toleo moja hadi jingine, lakini sehemu hiyo haikosekani. Kisha ingia kwenye njia za malipo uone kama kuna kadi ya benki au malipo kwa salio la simu yaliyounganishwa. Kama huyatumii, yaondoe.

Ukiwa umehifadhi alama ya kidole ya mtoto kwenye simu ili aweze kuifungua, kumbuka alama hiyo hiyo inaweza kuidhinisha manunuzi. Nimeliona mara mbili.

Hatua ya 4: Mtenge na akaunti zako

Facebook na WhatsApp zenyewe zinataka mtumiaji awe na angalau miaka 13, kwa hiyo watoto wadogo huunganisha gemu na Facebook ya mama. Matokeo yake gemu ikitekwa, mama anatekwa nayo, na ukoo mzima wa mama unaombwa pesa.

Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kumfungulia mtoto akaunti yake ya Google kupitia Family Link, programu ya bure ya Google, ambamo wewe ndiye msimamizi: akitaka kupakua kitu au kununua, ombi linakuja kwako. Gemu iunganishwe na akaunti hiyo. Roblox nayo inaruhusu mzazi kuunganisha akaunti yake na ya mtoto, akaweka kikomo cha matumizi ya mwezi na kuchagua nani aweze kuongea naye. Ya pili ni ya kivivu lakini inafanya kazi: acheze kama mgeni bila kuunganisha chochote. Ubaya wake ni kwamba gemu ikifutwa maendeleo yake yanaweza kupotea, na kwenye Free Fire akaunti ya mgeni haiwezi kupokea kodi za zawadi. Mtoto atalia. Mweleze kwa nini, au rudi kwenye njia ya kwanza.

Simu ikiwa moja kwa wote, tumia kubandika programu. Android nyingi zinayo, kwenye Mipangilio upande wa usalama. Unafungua gemu, unaibandika, unampa mtoto. Hawezi kutoka kwenda kwenye ujumbe wala WhatsApp mpaka uandike namba ya kufungulia skrini, mradi umeiwasha hiyo sharti. Simu nyingi za Tecno na Infinix zina pia kufuli ya programu moja moja. Weka kwenye ujumbe mfupi, WhatsApp, Facebook na programu ya pesa. Ujumbe mfupi ndio wanaousahau wengi, na ndiko namba za uthibitisho zinakoingilia.

Hatua ya 5: Funga mlango wa programu za nje

"Free Fire yenye almasi zisizoisha" haimo Play Store. Inakuja kama faili la APK, yaani faili la kusakinisha programu bila kupitia Play Store, kwenye Telegram, kwenye tovuti, au kwa kurushiana simu kwa simu kibandani. Faili kama hilo linaweza kuomba ruhusa ya kusoma ujumbe wako, na mtoto atabonyeza "ruhusu" mpaka mwisho kwa sababu anataka kucheza.

Kwenye Mipangilio tafuta "sakinisha programu zisizojulikana". Utaona orodha: Chrome, WhatsApp, Telegram, kidhibiti faili. Zote zizimwe. Hakikisha Play Protect, kikagua programu kilichomo ndani ya Play Store, imewashwa. Kisha pitia programu zilizomo kwenye simu sasa hivi, moja baada ya nyingine. Usiyoifahamu, mwulize mtoto, na kama naye haijui, futa.

Wanaocheza Roblox kwenye kompyuta wana mtego wao: mtu anamwambia mtoto afungue zana za ndani za kivinjari, anakili maandishi marefu, amtumie, eti ni kwa ajili ya kupokea zawadi. Maandishi hayo ndiyo yanayomtambulisha kwamba ameshaingia. Aliyeyapata anaingia kwenye akaunti bila kuulizwa neno la siri. Sheria hapa ni fupi: chochote utakachoambiwa unakili au ubandike kwenye kivinjari, hapana.

Hatua ya 6: Mfundishe kusoma anwani

Hapa ndipo ningeomba utumie muda mwingi kuliko kwingine kote, kwa sababu kufuli zote nilizozitaja mtoto ataziacha nyumbani siku atakaposhika simu ya rafiki.

Kodi za kweli za Free Fire zipo. Garena huzitoa wakati wa matukio yao, huwa na herufi na tarakimu 12 au 16, zina muda wa kuisha na eneo zinakofanya kazi, na zinapokelewa kwenye reward.ff.garena.com. Na huo ukurasa wa kweli nao unakutaka uingie kwa akaunti uliyounganisha na gemu. Kwa hiyo ukimwambia mtoto "ukurasa wowote unaotaka uingie kwa Facebook ni wa uongo", utakuwa umemdanganya, naye atagundua, na kuanzia hapo maneno yako mengine yote yanashuka bei.

Mfundishe hivi. Anwani ikiwa mbele yake, atafute mkwaju wa kwanza baada ya jina la tovuti. Kisha asome kurudi kushoto. Maneno mawili ya mwisho kabla ya mkwaju ndiyo mwenye nyumba (anwani zinazoishia .co.tz au .co.ke huhesabiwa matatu). Kwenye reward.ff.garena.com mwenye nyumba ni garena.com. Kwenye garena.com.zawadi-bure.xyz mwenye nyumba ni zawadi-bure.xyz, na hilo neno garena limebandikwa mlangoni tu, kama mtu aliyeandika "Ikulu" kwenye kibanda cha chipsi. Mwandikie anwani kumi kwenye karatasi, za kweli na za uongo mchanganyiko, mshindane. Watoto wanapenda kumshinda mzazi, na kwenye hili watakushinda.

Kufuli ndogo inayoonekana karibu na anwani isikudanganye. Inamaanisha tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani. Tapeli naye anaweza kuwa nayo.

Kama hesabu ya anwani inamzidi bado, tumia kanuni ya mdogo: kodi ikipatikana, inaandikwa mbele ya mzazi, kwa anwani aliyoiandika mzazi mwenyewe, si kwa kubonyeza linki.

Hatua ya 7: Tarakimu sita hazitajwi

Mtoto alishike kwa moyo: namba inayoingia kwenye ujumbe haisomewi mtu. Si rafiki wa gemu, si "msimamizi wa Garena", si mwalimu. Tapeli humwambia mtoto "nitumie namba ya simu ya mama nikuwekee zawadi, kisha unisomee namba itakayokuja". Namba inayokuja ni ya kufungulia WhatsApp ya mama kwenye simu nyingine. Ndani ya dakika mbili ameshaanza kukopa kwa watu wako.

Wewe nawe washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp, ili hata zile tarakimu zikivuja pabaki kufuli ya pili. Namba ya NIDA pia ni siri ya nyumba. Picha ya kitambulisho isikae kwenye ghala ambalo mtoto anaweza kuirusha kwa mtu. Kwa Tanzania piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtandao husika. Kenya, wenye laini za Safaricom wapige *100*100# ili laini yao isiweze kubadilishwa na mtu mwingine pembeni.

Hatua ya 8: Anayetoa kweli

Hatua hii haihusu pesa. Kuna mtu anayemtumia mtoto almasi kweli, mara ya kwanza, mara ya pili, bila kudai kitu. Ya tatu anaomba picha. Au anaomba wahamie WhatsApp, waongee usiku, mama asijue. Mtoto anajiona ana deni.

Mwambie mapema, kwa maneno ya kawaida: mtu tusiyemjua akikupa kitu kwenye gemu, unaniambia siku hiyo hiyo, na hutarudishiwa ukali. Akiomba picha au kukutana, unaniambia saa hiyo hiyo. Ikishatokea, usifute mazungumzo, usimjibu yule mtu kwa hasira, usimlipe hata senti akitishia kusambaza. Piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, inayofanya kazi Tanzania, Kenya na Uganda. Kwa Tanzania kuna pia dawati la jinsia na watoto vituo vya polisi. Peleka simu ikiwa na ushahidi wake.

Hatua ya 9: Mpe njia halali, hata ndogo

Kukataza moja kwa moja kunamsukuma kibandani. Ukiweza, tenga kiasi kinacholingana na mfuko wako, tuseme almasi 100 kila mwisho wa muhula, mnunue pamoja ndani ya gemu yenyewe. Akiona pesa inatoka mfukoni mwako na almasi zinaingia, atajua thamani yake na hadaa ya 99,999 itamchekesha.

Tusiwatakase wenye gemu nao. Desemba 2022 Epic Games, wenye Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 520 Marekani baada ya kushtakiwa na tume ya serikali inayolinda wanunuzi, na kati ya hizo milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia watu walionaswa na vitufe vilivyopangwa kwa hila. Kwa hiyo mtoto akinunua kitu kwa kubonyeza kimakosa, usidhani kila mara anakudanganya.

Hatua ya 10: Likishatokea

Kasi ndiyo dawa, na kasi yote inategemea mtoto kusema. Zile siku tatu za mtoto wa Mama Aisha ndizo zilizomgharimu wifi 50,000. Mtoto anayejua atachapwa atanyamaza, na tapeli anautegemea huo ukimya kuliko anavyoitegemea linki yake. Kwa hiyo ahidi mapema, na siku ikifika uitimize ahadi, hata kama damu inachemka.

Akishasema, fuata hivi:

Pesa zimetumwa? Kwa Tanzania piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, hapo hapo, ueleze ni utapeli, utaje muamala. Kenya, kwa M-Pesa, peleka ujumbe wa muamala kwenda 456 kuomba urejeshwe. Zikiwa zimeshatolewa kwa wakala, kuzipata ni kazi, nisikufariji kwa uongo. Ununuzi wa Play Store ambao haukuruhusu unaweza kuulalamikia Google. Ndani ya saa 48 nafasi ya kurudishiwa ni nzuri zaidi, na muamala usioutambua una hadi siku 120 za kuripoti.

Facebook imetekwa? Ingia facebook.com/hacked, na utumie simu uliyozoea kuingilia. Wakati huo huo wapigie ndugu, wapigie kwa sauti, usiwaandikie, uwaambie wasitume chochote. Mtu mmoja atangaze kwenye kundi la ukoo. WhatsApp imetekwa? Isajili upya kwa namba yako kwenye simu yako, na tapeli atatolewa. Akiwa ameshaweka namba yake ya hatua mbili utasubiri siku 7, lakini naye anakuwa hayumo.

Akaunti ya Google ikiguswa, badilisha neno la siri, kisha angalia vifaa vilivyoingia na utoe usivyovitambua. Salio linakatwa kila siku? Waambie huduma kwa wateja waondoe huduma zote za kulipia kwenye laini.

Ripoti, hata kama pesa ni ndogo. Tanzania namba ya tapeli na ujumbe wake vinapelekwa 15040, ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na polisi wanaweza kufungua jalada chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kenya, Safaricom wanapokea taarifa za matapeli kwa 333, na wapelelezi wa jinai, DCI, wana namba ya bure 0800 722 203. Piga picha za skrini kabla hujafuta kitu: anwani ya ukurasa, namba ya simu, mazungumzo, muamala.

Baada ya hapo jihadhari na tapeli wa pili. Atakuja mtu kwenye maoni ya Facebook akisema anarudisha akaunti zilizotekwa kwa 20,000. Ni yule yule, au ni nduguye.

Mama Aisha aliipata Facebook yake siku ya tano. Pesa ya wifi haikurudi, wanalipana kidogo kidogo. Wiki iliyopita mtoto alikuja peke yake, simu kaibandika kwenye gemu kama tulivyokubaliana, akaniuliza, "Anko, hii nayo?" Nikaangalia. Lilikuwa tukio la kweli ndani ya Free Fire lenyewe: ingia siku saba mfululizo, upate shati. Nikamwambia hii ni halali, chukua. Akaiangalia tena kwa muda, akanirudishia simu, akasema atamngoja mama arudi sokoni.